Daftari la kambo na boma la Albertville: je, shahidi huyu tumwamini?

*"Kambo yetu (mzazi wa mzazi wetu) alifariki mwaka jana hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Familia yake ilitoka Kalemie. Ndani ya sanduku lake la bati tumekuta daftari la shule la kurasa 62, limeandikwa Kiswahili cha zamani kwa kalamu ya risasi ya zambarau, isipokuwa kurasa tano za mwisho ambazo ni za wino wa kahawia. Pembeni limeliwa na wadudu. Linaanza: mimi nilikuwa ndani ya boma la Albertville, boma la Mfalme Alberti, siku Rumaliza alipotuzunguka, nao ulikuwa mwezi wa kufunga. Linasema maadui walikuwa elfu tano na watu wa ndani walikaa na kiu siku kumi na moja. Kambo alizoea kusema ni maneno ya baba wa mama yake. Mjomba anasema ni uongo mtupu: watu wa wakati ule hawakujua kuandika, na boma lilikuwa kando ya ziwa, kiu itoke wapi? Binamu anataka tuplastifiye kila ukurasa, yaani tuufungie ndani ya plastiki. Kuna mtu ameahidi dola 300 tukimpa. Tufanye nini?"*

Kabla ya yote: msiliplastifiye, na msiliuze. Mambo hayo mawili hayarudi nyuma yakishafanyika. Mengine yote tunaweza kuyapanga taratibu.

Pole kwa msiba. Naona mnaogopa vitu viwili kwa pamoja: kwamba daftari ni la uongo, na kwamba litaoza kabla hamjajua kama ni la kweli. Tuanze na ukweli, maana ndio umewagombanisha nyumbani.

Jambo lenyewe lilitokea. Kapteni Alphonse Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha nchi yake cha kupinga biashara ya watumwa, alijenga boma la Albertville, Kalemie ya leo, pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, wakati mwaka 1891 ulipokuwa unaisha na 1892 unaanza. Kusini yake, upande wa Mpala na Mrumbi, walikuwepo Mapadre Weupe pamoja na Mfaransa Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyewalinda kwa bunduki. Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, alikaa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ndiye Rumaliza. Aprili 1892 watu wake walilizunguka boma la Jacques, na hali hiyo ikadumu karibu miezi 9, hadi msafara mwingine wa Wabelgiji ulipofika kumsaidia. Mwaka uliofuata miji ya wafanyabiashara wenzake ikaanguka, Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, na Januari 1894 Rumaliza mwenyewe akashindwa.

Sasa angalieni maneno mawili ya sentensi ile ya kwanza, kwa sababu yanabeba karibu jibu lote.

La kwanza ni "Mfalme Alberti". Mwaka 1892 Albert hakuwa mfalme. Alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa ndugu yake Léopold II, mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo, na kiti alikipata Desemba 1909. Mtu aliyeandika siku zile zile ndani ya boma asingeweza kumwita mfalme. Kwa hiyo sentensi hiyo iliandikwa baada ya 1909, si chini ya miaka 17 tangu tukio. Hapo mjomba ana haki kwa nusu: hili si daftari lililoandikwa risasi zikilia.

La pili ni "mwezi wa kufunga". Ramadhani ya mwaka 1309 wa Hijra iliandama siku za mwisho za Machi 1892 na kwisha siku za mwisho za Aprili. Boma lilizungukwa mwezi huo wa Aprili. Zilingane kwa bahati? Inawezekana, lakini fikirini ni nani angejisumbua kubuni jambo hilo. Aliyesoma habari hizi shuleni kwa masista au kwa mapadre alifundishwa miezi ya Kizungu, na barua za maofisa hazihesabu kwa mwezi wa Waislamu. Anayekumbuka kwamba ilikuwa Ramadhani ni mtu aliyeishi katikati ya watu waliokuwa wakifunga. Neno moja linaonyesha kuwa maandishi ni ya baadaye, na neno la pili linaonyesha kuwa kumbukumbu ni ya siku zenyewe. Hayo mawili hayapingani. Ni hali ya kawaida kabisa ya ushahidi: mtu aliona akiwa kijana, akasimulia akiwa mzee, na mwingine akaandika.

Mkikutana na majina mengine ya miezi, jihadharini. Katika hesabu ya Waswahili, mfungo mosi ni mwezi *unaofuata* Ramadhani, mfungo pili unafuata huo, hadi mfungo tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Wengi husoma "mfungo tatu" wakadhani ni Machi, na tarehe zote zinapinda. Saa pia: "saa tatu" katika simulizi ya mzee wa wakati huo ni saa tatu baada ya jua kuchomoza.

Kuhusu kuandika, mjomba amekosea. Wangwana wengi (watu huru wenye desturi za Kiswahili) wa njia za Tanganyika walijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake hivyo. Mapadre nao walifundisha watoto wa misheni. Tena anayesema na anayeandika si lazima wawe mtu mmoja. Hapa hapa mjini, mwaka 1965, waliokuwa wafanyakazi wa majumbani mwa Wazungu wa Élisabethville waliandika kwa Kiswahili historia ya mji na ya Katanga, pamoja na mambo waliyoyapokea kwa wazee wao. Hakuna mwanahistoria mzito anayeitupa kazi hiyo kwa sababu tu iliandikwa baadaye.

Mnaweza kupima wenyewe kama daftari lenu lilisimuliwa na kuandikwa kwa mfululizo. Daftari la kila siku hubadilika: leo mwandiko umetulia, kesho umekimbia, kalamu imechongwa upya, wino umeongezwa maji, ukurasa una nusu tu ya maneno. Lililosimuliwa huwa na mwandiko mmoja, mistari iliyojaa, na maneno kama "nimesahau kusema kwamba". Lililonakiliwa kutoka karatasi nyingine lina kosa lake la pekee: mwandishi anaruka mstari kwa sababu mistari miwili ilianza au kuisha na neno moja, kisha anaukata na kurudi. Tafuteni makosa ya namna hiyo. Kurasa zenu tano za kahawia pia zichunguzeni: mwandiko ni ule ule? Kama ni wa mkono mwingine, mna waandishi wawili, na kila mmoja apimwe peke yake.

Kalamu ya zambarau haitawapa mwaka. Kalamu hizo, ambazo ukizilowanisha huwa kama wino, zilitengenezwa tangu miaka ya 1870 na zikatumika sana ofisini na safarini muda mrefu baadaye. Jalada linasema zaidi. Likiwa limechapwa "Congo Belge" ni la baada ya Novemba 1908, Ubelgiji ilipoichukua nchi kutoka kwa Léopold. Maandishi ya biki popote ndani, hata namba za kurasa, ni ya baada ya Vita vya Pili. Jacques akiitwa "de Dixmude", hilo ni jina alilolipata kwa vita vya 1914, basi mwandishi anaandika baada ya vita hivyo. Na mkiona askari wa 1892 analipwa faranga, hapo mkumbukaji amevalisha zamani nguo za siku zake, kwa sababu malipo ya wakati huo kandokando ya ziwa yalikuwa nguo na shanga: vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shuka ya mikono 4 au doti ya mikono 8. Akitaja doti, kumbukumbu yake ina mizizi.

Twende kwenye elfu tano. Msimwite muongo kwa namba hii, lakini msiichapishe kama hesabu. Aliye ndani ya boma huona kupitia tundu la ukuta au nafasi ya miti. Baruti nyeusi ya siku zile ilitoa moshi mzito. Baada ya mikupuo michache ya pamoja, bila upepo, mbele hakuonekani kitu. Usiku anahesabu mioto na ngoma, na adui mwenye akili huwasha mioto mingi kuliko watu wake. Namba za duara kama elfu moja, elfu tano, elfu kumi ni kipimo cha hofu na ukubwa. Jaribuni kuipima kwa ardhi: watu 5,000 wakisimama bega kwa bega katika safu mbili, mita moja kwa kila mtu, wanahitaji kilomita mbili na nusu. Je, maelezo yake ya uwanja uliosafishwa mbele ya boma yanaruhusu hivyo? Tena watu wa Rumaliza walijenga maboma yao wenyewe kulizunguka la Jacques. Hiyo ni vita ya kukaa na kukata njia, na vita ya kukaa haihitaji watu wengi wakati wote. Inahitaji kujua vijia.

Siku kumi na moja za kiu ni habari nyingine. Namba hiyo si ya duara, na namba zisizo za duara mara nyingi zimehesabiwa na mwili. Mjomba anauliza kiu itoke wapi kando ya ziwa. Boma kuwa kando ya ziwa hakumaanishi kwamba maji yamo ndani ya boma. Chukueni mfano wa watu 200: kwa kunywa na kupika kidogo tu, lita 3 kwa mtu, ni lita 600 kwa siku. Mtungi wa kichwani ukibeba lita 15, hizo ni safari 40 kutoka langoni hadi majini na kurudi kila siku. Bunduki chache zilizojificha penye manyasi zinatosha kuzifanya safari hizo ziwe za usiku tu, na chache. Bila maji kabisa mtu hafiki siku kumi na moja, kwa hiyo someni "kiu" kama siku za kugawiwa kwa kikombe. Kisha ulizeni daftari: nani alikwenda kuchota? Karibu kila mahali kazi hiyo iliwaangukia wanawake na vijana, nao ndio ambao ripoti za maofisa haziwataji majina. Ikiwa daftari lenu linataja hata mwanamke mmoja aliyeshuka na mtungi usiku, ukurasa huo una thamani kuliko hesabu zote za maadui.

Fanyeni hivyo hivyo kwa chakula. Posho ya misafara ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, kama gramu 700. Watu 200 kwa siku 270 wangekula karibu tani 38, yaani mizigo zaidi ya 1,100 ya kichwani ya kilo 32. Ghala la boma jipya la mpakani halikuwa na akiba ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba mzunguko haukufungwa kabisa: kuna waliolima karibu na ukuta, kuna waliovua samaki, kuna waliouza mihogo usiku au kuleta mtumbwi. Sehemu zinazoonekana za kuchosha, za unga na mitumbwi na ugomvi wa chumvi, msizirukie kukimbilia mapigano. Huko ndiko kuzingirwa kulikoamuliwa.

Kuna kosa moja kubwa ambalo hata wasomi hulifanya: kudhani aliyekuwemo ndani aliona yote. Chukueni Mahenge, Tanganyika ya Wajerumani, tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, Waafrika walipowapinga Wajerumani. Mmisionari aliyekuwa bomani alieleza vizuri jinsi safu za wapiganaji zilivyokuja mbele zikipunguzwa na bombomu mbili na hazikuvunjika upesi. Hayo aliyaona. Lakini kilichowafanya waendelee kutembea, maji ya dawa waliyopewa na tumaini walilokuwa nalo, hakikuonekana kutoka ukutani. Hicho tunakijua kwa waliokuwa nje na wazao wao. Kwa hiyo chukueni daftari jingine, mchore safu tatu: *niliona*, *nilisikia*, *nadhani*. Kila sentensi iwekwe mahali pake. "Risasi ilimpiga jirani yangu begani" ni ya kwanza. "Rumaliza alikasirika" ni ya pili au ya tatu, hata ikisemwa kwa nguvu gani.

Na mkikuta neno "Waarabu", msilisome kwa macho ya vitabu vya zamani vya shule. Wengi wa waliolizunguka boma walikuwa Wamanyema, Wangwana na warugaruga (wapiganaji wa kukodiwa), Waafrika kama wengi wa waliolilinda. Huenda pia mkakutana na habari ya mtu wa ukoo aliyenunuliwa, aliyekombolewa na misheni, au aliyeuza wengine. Majina hayo yana wajukuu, baadhi yao labda wako Kalemie au Moba leo. Zungumzeni nao kabla ya kuyaweka mtandaoni.

Ushahidi wa kulinganisha upo. Mapadre Weupe walitakiwa kuandika kitabu cha kila siku katika kila kituo, na nakala zake zimehifadhiwa Roma. Barua za Jacques zilifika kwa chama kilichomtuma. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina hazina kubwa ya karatasi za maofisa wa wakati huo. Msiwaandikie kuuliza "je, daftari letu ni la kweli?" Ulizeni jambo moja linalojibika: kwa mfano, kama kitabu cha Mpala cha Aprili hadi Juni 1892 kinataja uhaba wa maji Albertville. Vyanzo viwili visivyojuana vikikubaliana kwenye jambo dogo, hapo ndipo panapo nguvu. Vikikubaliana kwenye jambo kubwa tu, huenda kimoja kilimsoma mwenzake.

Sasa karatasi. Mashine ya kuplastifiye huyeyusha gundi kwa joto la zaidi ya digrii 100 na kuiingiza ndani ya nyuzi za karatasi. Haitoki tena. Karatasi ya daftari za shule ina asidi yake, na plastiki huifungia humo humo iendelee kuila. Rangi ya zambarau nayo huyeyuka kwa unyevu wowote: tone la jasho, kidole kilicholambwa kufungua ukurasa, pamba ya spiriti. Skochi, ile tepu ya gundi, pia hapana. Baada ya miaka michache inaacha doa la kahawia na karatasi inakatika hapo hapo.

Nawa mikono, kausha kabisa, fanyeni kazi bila glavu, kwa sababu glavu haihisi ukurasa unapoanza kupasuka. Piga picha zote siku moja, wakati wa kiangazi ikiwezekana, mezani karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, bila flashi. Daftari lisilazwe wazi kabisa: weka kitambaa kilichokunjwa chini ya jalada ili lifunguke kama nyuzi 100 tu. Simu iwe sambamba na ukurasa, rula ionekane pembeni, na hata kurasa tupu zipigwe. Kisha zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni karibu usawa wa karatasi, mpige tena zile zilizofutika. Alama za kalamu zilizobonyea zitajitokeza. Nakala moja ibaki kwenye simu, moja kwenye flashi ya kompyuta, moja kwa ndugu wa mji mwingine.

Mnaponakili, andikeni kila mstari kama ulivyo, makosa na yote. Msikigeuze kuwa Kiswahili sanifu. Namna alivyoandika maneno ndiyo itakayomwonyesha mtaalamu alikosomea.

Lisirudi kwenye sanduku la bati. Bati hupoa usiku na kutoa jasho ndani, hasa Novemba hadi Machi. Lifungeni kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila javeli, liwekwe kwenye kartoni mpya isiyowahi kubeba chakula, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje. Kurasa tano za kahawia zitenganisheni kwa karatasi nyeupe tupu, si gazeti. Wino huo mara nyingi una chuma na asidi, unatoboa karatasi polepole. Kujua kama wadudu bado wapo, liwekeni juu ya karatasi nyeupe kwa wiki moja: unga mpya ukidondoka, wapo. Msipulizie dawa. Wengine watawashauri friji ya kugandisha, na njia hiyo inafaa pale umeme usipokatika. Likiganda na kuyeyuka mara tatu, maji yanayojikusanya yataiharibu zambarau kuliko wadudu.

Dola 300 ni bei ya kunyamaza kwa daftari hili. Likishaondoka, jina la mzee wenu litatengana nalo, na daftari lisilojulikana lilikotoka linapoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake. Anayetaka kusoma kwa nia njema atatosheka na picha. Na mkitaka siku moja kulipeleka mahali pa kulitunza, tofautisheni kwenye karatasi kati ya *dépôt*, ambapo linabaki lenu, na *don*, ambapo mmelitoa moja kwa moja. Ukoo ukubaliane kwanza, na hati iandike idadi ya kurasa na hali yake.

Kuna mambo ambayo maneno yangu hayatoshi. Kurasa zilizogandana, ukungu wenye manyoya ya kijani au meusi, wadudu walio hai, au maandishi ya Kiarabu mkiyakuta pembeni: hayo yanataka mtu wa kulishika na kuliona. Anzeni na Musée national de Lubumbashi (jumba la makumbusho) au idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ukurasa uliogandana msiubandue kwa kisu wala mvuke.

Na kabla ya kwenda huko, keti na mjomba na wazee wengine wa ukoo, msomee daftari kwa sauti, simu ikirekodi. Wataitambua mito, watasahihisha majina, watabishana. Mabishano hayo yarekodini pia. Kisha kwa miadi ya kwanza kwenye makumbusho nenda na picha tu. Daftari libaki nyumbani hadi mjue ni nani atakayelipokea na kwa karatasi gani.